Wenzangu wamesonga mbele, mimi nimebaki: ndio ukubwa wenyewe huu?

SWALI: Shikamoo Mshauri. Mimi ni mwanamume wa miaka 33. Sijaoa, sina mtoto, kazi ninayo japo si ile niliyoiota. Tangu shule tulikuwa marafiki wanne, tumelala bweni moja, tumeazimana hadi mashati. Tulipomaliza tuliahidiana kwamba tutaishi jirani na watoto wetu watakua pamoja. Leo wenzangu watatu wameoa na wawili wana watoto. Grupu letu la WhatsApp, ambalo zamani lilikuwa halilali, sasa linaamka siku ya kuzaliwa ya mtu tu: emoji za fataki, "Mungu akuzidishie", kisha kimya. Mmoja wao, ambaye ndiye tuliyekuwa karibu zaidi, alipata mtoto mwaka jana. Alinialika nikamwone, sikwenda, nilikuwa na mambo mengi. Sidhani kama hata alijali. Mwezi uliopita nilipandishwa cheo kazini. Nikashika simu, nikapitia majina kuanzia A, nikafika mwisho, nikairudisha mezani. Sikujua nimpigie nani. Naomba uniambie bila kunificha: ndio ukubwa wenyewe huu, au mimi nimechelewa maisha mpaka wenzangu wakaona sina la kuchangia? Nimekosea wapi?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Kwanza hongera kwa kupanda cheo. Huenda mimi ndiye wa kwanza kukupa hongera nje ya ofisi yenu, na kwangu hapo ndipo barua yako inapouma kuliko pote, kwenye ile simu iliyorudi mezani.

Umeuliza mengi, lakini kila nikisoma naona yanazunguka jambo moja. Unahisi umechelewa. Unahisi umeachwa. Na umeshajihukumu kwamba la pili limezaliwa na la kwanza, yaani wenzako wamekuacha kwa kuwa umechelewa. Nadhani kamba hii umeishika kwa upande usio wake. Nitafika hapo, ila niruhusu nizunguke kidogo, maana kuna mambo mawili lazima tuyaweke sawa kwanza.

Kuchelewa ni neno la mtu mwenye saa. Yako imetundikwa ukuta gani? Miaka ya 1960, Bernice Neugarten na wenzake wa Chuo Kikuu cha Chicago waliwauliza Wamarekani wa tabaka la kati maswali ambayo hata wewe ungeyajibu bila kufikiri: mwanamume aoe akiwa na umri gani, atulie kwenye kazi lini, aitwe babu lini. Wengi walijibu kana kwamba walikubaliana mlangoni. Kuoa, kati ya miaka 20 na 25. Kutulia kwenye kazi, kati ya 24 na 26. Kuwa babu, kati ya 45 na 50. Neugarten akaiita hali hiyo saa ya jamii. Haina mishale wala betri, lakini kila mtu anajua imefika saa ngapi na nani hajafika. Sasa wapime wenzako kwa saa hiyohiyo. Huenda hata hao watatu unaowaona wamewahi, kwa saa ile wote wamechelewa, na hakuna anayewadai.

Saa hizi hubadilishwa kimyakimya huku sisi tukiendelea kusoma ile ya zamani. Mwaka 2000 mwanasaikolojia Jeffrey Arnett aliandika kwamba miaka kati ya 18 na 25 imekuwa kipindi kinachojitegemea, mtu si mtoto tena wala hajawa mtu mzima kamili, kwa sababu masomo yamerefuka, ndoa na kazi ya kudumu zimesogea mbele. Wapo waliompinga wakisema kipindi hicho cha kujaribujaribu ni cha wenye nafasi. Kijana anayelisha wadogo zake tangu ana miaka 19 hana muda wa kujitafuta. Naona wana hoja. Hata hivyo kuna kitu kwenye kazi yake ambacho huwa nawasimulia vijana wanaokuja kwangu. Alipowauliza vijana ni nini kinachomfanya mtu awe mtu mzima, ndoa haikuwa juu kwenye orodha, wala kumaliza masomo, wala ajira ya kudumu. Walitaja kubeba wajibu wa matendo yako, kuamua mambo yako mwenyewe, na kujitegemea kwa fedha. Jipime kwa hayo matatu. Kwa la pili na la tatu sina shaka nawe. La kwanza tutalirudia, maana linahusu mwaliko mmoja.

Jambo la pili ni ile ahadi yenu ya kuishi jirani. Inaonekana bado inakudai, kama kwamba mmoja wenu aliivunja. Mwaka 2013 Jordi Quoidbach, Daniel Gilbert na Timothy Wilson walichapisha utafiti wa watu zaidi ya 19,000, wenye umri wa miaka 18 hadi 68. Kila rika lilikiri kwamba katika miaka 10 iliyopita limebadilika sana, kwa tabia, kwa wanayoyapenda, kwa wanayoyathamini. Na kila rika likadhani kwamba miaka 10 ijayo halitabadilika kiasi hicho. Kijana anajiona ameshaiva, na aliyempita miaka thelathini naye anajiona ameshaiva. Basi wale vijana wanne wa bwenini hawakudanganyana. Walikuwa wakiwapangia makazi wanaume wanne ambao walikuwa hawajawahi kukutana nao.

Sasa tuje kwenye urafiki wenyewe, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu watu wengi hawajui urafiki wao wa zamani ulijengwa kwa nini. Wanadhani ni kupendana tu. Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas alitaka kujua urafiki unakula saa ngapi. Aliwahoji watu wazima waliohamia mahali papya, akawafuatilia na wanafunzi wapya wa chuo, na makadirio aliyoyatoa mwaka 2018 ni haya: kutoka kufahamiana hadi urafiki wa kawaida, kama saa 50 za kuwa pamoja, hadi urafiki hasa, kama 90, hadi rafiki wa ndani, zaidi ya 200. Na saa za kufanya kazi pamoja hazikusaidia sana. Zilizojenga ni zile za soga, za michezo, za kuzurura bila shughuli maalumu.

Piga hesabu. Bwenini mlikuwa macho pamoja, tuseme, saa 10 kwa siku. Saa 200 zilitimia kabla wiki tatu hazijaisha. Hamkupanga miadi hata mara moja. Kengele iliwaamsha, ratiba ikawakalisha dawati moja, taa zilipozimwa mkaanza stori. Leo chukua watu wazima wawili wenye kazi, wanaojitahidi kuonana saa mbili kila mwezi, na nina hakika ninyi hata hizo hamzifikishi. Watazitimiza saa 200 baada ya miaka minane na ushee. Kwa hiyo unaposema "tulikuwa hatuachani", ni kweli, ila sehemu kubwa ya kazi ya kutoachana ilifanywa na shule. Kengele imeondoka, na hakuna kati yenu aliyejua kwamba ndiyo iliyokuwa ikiwashikilia.

Ndiyo maana swali lako la kwanza, kama huu ndio ukubwa, nalijibu: kwa kiasi, ndiyo. Mwanasosholojia Gerald Mollenhorst wa Utrecht, Uholanzi, aliwahoji watu kuhusu watu wao wa karibu, akawarudia baada ya miaka saba. Takriban nusu tu ya wale waliotajwa mwanzoni ndio walikuwa bado wamo. Idadi yenyewe haikupungua sana, kwa kuwa wengine walikuwa wameingia. Na rekodi za simu za mamilioni ya watu katika nchi moja ya Ulaya, zilizochambuliwa na kuchapishwa mwaka 2016, zilionyesha kwamba idadi ya watu tunaowasiliana nao hupanda hadi karibu na umri wa miaka 25, kisha huanza kushuka. Laura Carstensen wa Stanford amekuwa akionyesha tangu miaka ya 1990 kwamba kadiri mtu anavyouona muda wake ukifupika, ndivyo anavyowapunguza watu kwa hiari na kubaki na wale wanaomgusa moyo, na wengi huridhika hivyo. Kupungua kwa watu peke yake si ugonjwa. Lakini kuna kuchuja na kuna kuvuja. Mtu anayeelezwa na Carstensen anachuja. Wewe, kwa ulivyoandika, unavuja, na tundu nadhani nimeliona.

Umeandika: "Alinialika nikamwone, sikwenda, nilikuwa na mambo mengi." Katika barua nzima hiyo ndiyo sentensi uliyoipita mbio. Grupu umelieleza hadi emoji zake. Mwaliko wa rafiki yako wa karibu kuliko wote umeupa nusu mstari. Hayo "mambo mengi" nimeyasikia kwenye kazi hii kiasi kwamba nikiyasikia huweka kalamu chini nikangoja. Aghalabu mambo hayakuwa mengi. Lilikuwa moja.

Nibahatishe, na nikikosea unisamehe. Mwaliko uliingia jioni. Ulifurahi, tena kweli, kwa sekunde kadhaa. Kisha ukajiona umekaa sebuleni kwao, mtoto amewekwa mapajani mwako na hujui shingo inashikwaje, watu wanazungumzia usingizi na chanjo, na ndugu mmoja wa mwenyeji anakugeukia mbele ya wote: "Na wewe je, lini?" Ukaandika, "Hongera sana kaka! Natafuta nafasi nije." Akajibu kwa emoji ya mikono iliyokutana. Wiki ya kwanza ungeweza kwenda bila neno. Wiki ya tatu ukawa unaona haya kidogo. Mwezi wa pili, kwenda ilibidi uende na maelezo. Mwezi wa nne, ukiona jina lake kwenye kioo cha simu tumbo linakaza, na unaiacha iite mpaka inyamaze yenyewe. Ziara ndogo ambayo hukuifanya ina riba kama mkopo wowote, na mdaiwa huanza kupita njia ya nyuma. Baada ya hapo naye akanyamaza, nawe ukaandika: "Sidhani kama hata alijali."

Njoo sasa upande wa pili. Wazazi wapya nao huja kwangu, na malalamiko yao nayajua kwa moyo: "Tangu nipate mtoto wenzangu wamenitenga. Wanadhani sina tena stori isipokuwa nepi." Baba anayeamka mara tatu kwa usiku hana nguvu ya kuchunguza kwa nini hukuja. Aliona tu kwamba hukuja, wewe, miongoni mwa watu wote. Akajieleza kwa njia iliyo rahisi zaidi: jamaa hana muda na sisi wenye familia. Kuna nyumba mbili hapo, na kila moja imekaa ikisema imeachwa.

Sasa unaona kwa nini nilisema kamba umeishika vibaya. Kwa ushahidi ulionipa mwenyewe, hakuna aliyekuacha kwa sababu umechelewa. Uliondoka kwa miguu yako kwa sababu ulijiona umechelewa, na huko ulikoondokea ukageuka nyuma ukasema, mbona hawanifuati?

Sisemi haya nikiwa juu ya mti. Nilipokuwa na miaka 29 uchumba wangu ulivunjika, na miezi miwili baadaye rafiki yangu akaolewa. Sikwenda. Nilituma zawadi kwa mkono wa mtu pamoja na ujumbe kwamba nina homa. Homa ile ilidumu miaka sita. Siku nilipopata moyo wa kumpigia nilikuwa nimeandika maneno ya kuomba radhi kwenye karatasi, nikaanza kuyasoma kama mwanafunzi. Akanikatiza katikati. Kumbe miaka yote hiyo aliamini nimemkasirikia kwa sababu ya gauni langu la kijani, aliloliazima akaliunguza kwa pasi akaona aibu kuniambia. Alikuwa akinikwepa kwa ajili ya gauni ambalo mimi nilikuwa nimeshalisahau.

Kosa la namna hii limepimwa, tena na watu wasiojua habari za gauni langu. Mwaka 2018 Erica Boothby na wenzake walionyesha kwamba watu wawili wakimaliza kuzungumza, kila mmoja hudhani amependwa kidogo kuliko alivyopendwa kweli. Peggy Liu na wenzake, mwaka 2022, waliwachunguza watu wanaomtafuta mtu wa zamani kwa ujumbe au zawadi ndogo: watafutaji walikadiria chini furaha ya anayetafutwa, na furaha hiyo ilikuwa kubwa zaidi pale ambapo hakutarajia. Ninalolipenda zaidi ni la Amit Kumar na Nicholas Epley. Waliwaomba watu wawasiliane na rafiki wa zamani, wengine kwa simu, wengine kwa barua pepe. Watu walidhani simu ingekuwa na ukakasi. Waliopiga hawakuona ukakasi zaidi ya walioandika, na walitoka wakijisikia karibu zaidi na rafiki yao. Sauti ina kitu ambacho maandishi hayabebi.

Basi unafanyaje?

Grupu liache kama lilivyo. Usilifufue, usijitoe kwa kishindo, usiandike ule ujumbe mrefu wa usiku wa "jamani tumepotezana". Utapata mikono iliyokutana mitatu na kimya kingine. Grupu ni ukumbi; mambo ya watu wawili hayasemwi ukumbini. Na ukiwasiliana na mmoja mmoja, jihadhari na maneno yetu ya kupitia mbali. Lugha yetu tajiri hii ina namna ya kuzungumza bila kusema kitu. "Upo?" "Nipo." "Umepotea!" "Mambo tu, we acha." "Haya, tutafutane." Hapo watu wawili wamesalimiana vizuri kabisa na kuahidiana, kwa adabu, kutotafutana. Mimi "tutafutane" nimeipiga marufuku kwenye simu yangu. Nikitaka kumwona mtu nataja siku.

Mpigie yule mwenye mtoto. Mpigie yeye kwanza, kabla ya wengine wote. Usimtangulizie meseji ya "naweza kukupigia?", maana ukiiandika utaanza kungoja jibu, na tiki mbili zikigeuka buluu bila jibu utakuwa umepata sababu mpya ya kujificha. Akipokea, sema lililo la kweli kwa sentensi chache: kwamba hukuja kumwona mtoto, kwamba si kwa kukosa muda, uliona haya kwa jinsi maisha yako yalivyo, na kwamba unaomba radhi. Ukishasema hivyo nyamaza. Usijieleze zaidi, usijidharau mbele yake, maana hapo utamlazimisha akubembeleze wakati yeye ndiye aliyekosewa. Huku ndiko kubeba wajibu wa matendo yako nilikokutaja mwanzoni. Haya moja ikishatamkwa kwa sauti mbele ya mtu anayekupenda hupungua ukubwa kwa namna ya ajabu. Nimeiona ikitokea mbele yangu mara nyingi na bado hunishangaza.

Halafu mwambie umepandishwa cheo. Wengi hapa wanajisahau. Mtu anayeona haya hupeleka kwa marafiki samahani zake tu, na furaha anabaki nazo mwenyewe kwa kuogopa kuonekana anajigamba. Shelly Gable na wenzake walichapisha mwaka 2004 tafiti zilizoonyesha kwamba kumsimulia mtu habari njema, naye akaipokea kwa uchangamfu, kunaongeza raha zaidi ya ile iliyoletwa na habari yenyewe, na uhusiano wenye mapokezi ya namna hiyo huwa na afya zaidi. Rafiki yako naye anastahili nafasi ya kukushangilia. Ulimnyima.

Mkishazungumza, nenda kwao. Usimwite aje mahali mlipozoea kukutana zamani, atakuja mara moja kwa heshima na hatarudi. Sam Roberts na Robin Dunbar waliwafuatilia wanafunzi 30 kwa miezi 18 walipokuwa wakimaliza shule na kutawanyika. Ni wachache, kwa hiyo usiichukue kama amri, lakini waliloliona nami naliona kila wiki: undugu ulistahimili umbali, urafiki ulififia mawasiliano yalipopungua, na kwa wavulana kilichouzuia usififie kilikuwa zaidi kufanya kitu pamoja kuliko kuongea tu. Kwa hiyo usiende kukaa sebuleni na kutazamana. Kama ana kitanda cha mtoto cha kukaza skrubu, kaza naye. Kama hutoka na mtoto kumtembeza, tembea naye. Maneno mazito ya wanaume wengi hutoka mikono ikiwa na shughuli na macho yakitazama kwingine. Na kabla hujaondoka tajeni siku ya pili, iwe ya kudumu, kwa mfano Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi. Najua inasikika kama kikao cha ofisi. Mtajiona wajinga miezi miwili, kisha itakuwa kengele yenu mpya.

Lile swali la "na wewe je, lini?" litakuja, usitegemee kuokoka. Liandalie jibu fupi lisilo na maelezo, kama vile "Bado, siku ikifika utapata kadi," kisha rudisha mazungumzo kwa mtoto. Muulizaji mwenyewe hana nia mbaya. Ni saa ya jamii inagonga kupitia mdomo wake.

Wale wawili waliobaki watafute baadaye, kila mmoja kwa wakati wake. Inawezekana mmoja asirudi. Pauline Boss, aliyeanza kuchunguza mambo haya miaka ya 1970, anazungumzia hasara isiyo na mpaka, mtu ambaye yupo na hayupo, ambaye hukumzika wala hunaye. Urafiki uliofifia bila ugomvi ni wa aina hiyo. Hakuna matanga, hakuna anayekupa pole, na ndiyo maana unakawia kupona. Ukigundua kwamba mmoja amekwenda moja kwa moja, jiruhusu kuhuzunika kama aliyepoteza mtu. Usimsubiri arudi ndipo uanze kuishi.

Tena usidhani kwamba unahitaji wote watatu warudi kama walivyokuwa. Dunbar anakadiria kwamba watu wa ndani kabisa, wale unaoweza kuwapigia ukiwa na shida au furaha, kwa kawaida hawazidi watano hivi, na humo wamo ndugu pia. Wewe mwezi uliopita ulihitaji mmoja. Wakati huohuo usiwadharau watu wa pembezoni, mwenzako wa ghorofa moja, mnayesalimiana naye asubuhi. Gillian Sandstrom na Elizabeth Dunn waligundua mwaka 2014 kwamba siku ambazo watu walizungumza na wengi wa aina hiyo kuliko kawaida yao, walijisikia vizuri zaidi. Na mmoja wao akipata saa zake 200, hujui atakuwa nani kwako.

Kuhusu ndoa na kazi uliyoiota, sitakuambia uvifute moyoni, si vitu vya kufutwa kwa barua. Nitakuomba ufanye jambo moja. Chukua karatasi, andika kila kitu unachoona umekichelewa, na pembeni ya kila kimoja andika nani alikuambia lini kinatakiwa kiwe kimefika. Kijana mmoja alilifanya ofisini kwangu. Kati ya vitu saba, vitano vilikuwa na jina la mtu mwingine, na kimoja hakujua kimetoka wapi. Kile kimoja kilichobaki ndicho tulichokifanyia kazi.

Na kwa kuwa wewe si wa kwanza kuuliza, ujue Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2025, lilikadiria kwamba mtu mmoja kati ya sita duniani anaguswa na upweke, na vijana wamo kwenye mstari wa mbele. Kama pamoja na upweke umepoteza usingizi, hamu ya kula, au hakuna tena kinachokupa raha, na hali hiyo imepita wiki mbili, usingoje simu ya rafiki wala jibu langu lingine. Muone daktari.

Kwa hesabu yangu, yule mtoto uliyeogopa kumpakata sasa anatambaa, au ameshasimama kwa kushikilia viti. Shingo yake imekaza zamani. Mpigie baba yake wikiendi hii, mchana, mtoto akiwa amelala, na akikuanza kwa "umepotea!", mkubalie.